Mashine za Kuhamisha na Kupanga Makontena: Kazi Zake, Majina Yake na Lugha ya Amri kati ya Mombasa na Bunia

1. Utangulizi

Wahenga walisema: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Methali hiyo ilizaliwa katika zama za misafara, wakati ambapo kipimo cha mzigo kilikuwa ni bega la mwanadamu. Siku hizi mzigo unaotoka pwani kuja Ituri hupimwa kwa kipimo kingine, nacho ni kontena. Hakuna bega linaloweza kulibeba. Ni lazima pawepo mashine.

Makala hii ina makusudi matatu. Kwanza, kueleza kwa Kiswahili namna mashine kubwa za kuhamisha na kupanga makontena zinavyofanya kazi. Pili, kutazama majina ambayo mashine hizo zimepewa katika Kiswahili cha pwani na katika Kiswahili chetu cha Bunia. Tatu, kuonyesha kwamba tofauti ndogo za msamiati, ambazo darasani huchukuliwa kuwa jambo la kufurahisha tu, zinaweza kuwa jambo la uhai na kifo pale ambapo tani 30 zinaning'inia juu ya vichwa vya watu. Kwa kuwa wasomaji wengi wa jarida hili ni watu wa lugha na si wa ufundi, tutaanza na kitu chenyewe kabla ya kufika kwenye maneno.

2. Kontena ni kitu gani?

Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal-X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa imebeba makasha 58 ya chuma. Mfanyabiashara aliyeituma, Malcom McLean, alikuwa mwenye malori, na wazo lake lilikuwa jepesi: badala ya kupakua bidhaa moja moja kutoka katika lori na kuzipakia upya melini, heri kuhamisha kasha zima. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vipimo vya kasha hilo vilikubaliwa kimataifa. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06 na upana wa mita 2.44, na kimo chake cha kawaida ni mita 2.59. Lile la futi 40 lina urefu wa mita 12.19. Kontena la futi 20 lililo tupu huwa na uzito wa tani 2 na kitu hivi. Likijaa, linaweza kufikia tani 30.48.

Msomaji aliyewahi kulitazama kontena atakuwa ameona kwamba katika kila pembe yake, juu na chini, pana kipande kinene cha chuma chenye matundu. Pembe hizo nane ndizo siri ya mfumo wote. Kuta za kontena ni bati lililokunjwa tu. Haziwezi kubeba kontena jingine. Uzito wote hushuka kupitia nguzo nne za pembeni. Ndiyo maana kontena hushikwa kwenye pembe, hufungwa kwenye pembe, na hupangwa pembe juu ya pembe.

Kinachoingia katika tundu la pembe ni komeo la kuzungusha. Kichwa chake ni kirefu kama tundu lenyewe: kikiingia kimelingana na tundu, kisha kikazungushwa kwa robo ya duara, hakiwezi tena kutoka. Komeo la namna hiyo hupatikana mahali pengi: kwenye trela la lori, kati ya kontena na kontena melini, na kwenye fremu ya kushikia ambayo mashine huitumia kunyakua kontena kutoka juu. Kwa hiyo mashine nyingi tutakazozitaja, hata zikitofautiana kwa umbo, zina mkono wa aina moja: fremu yenye makomeo manne.

3. Mashine za bandarini

Katika bandari za makontena kama ile ya Kilindini, Mombasa, ambako sehemu kubwa ya bidhaa za Bunia huingilia, kazi huweza kugawanywa kwa mashine za namna mbalimbali.

Ya kwanza ni kreni ya gatini. Hii husimama kwenye reli kando ya maji, na mkono wake mrefu hunyooka juu ya meli. Kreni ya kwanza ya aina hii iliyotengenezwa kwa ajili ya makontena ilianza kazi mwaka 1959 huko Alameda, California. Ndani ya mkono wake hupita kigari kinachobeba kamba za chuma na fremu ya kushikia. Mwendeshaji hukaa katika chumba kidogo kinachosafiri pamoja na kigari hicho, akitazama chini kupitia sakafu ya kioo.

Ya pili ni kreni ya uwanjani yenye matairi. Umbo lake ni kama lango kubwa: miguu miwili upande huu, miwili upande ule, na boriti juu. Hupita juu ya safu za makontena, ikiyapanga manne au matano kwenda juu, huku njia ya lori ikiwa ndani ya lango hilo hilo. Faida yake ni kupanga makontena mengi katika eneo dogo. Hasara yake ni kwamba ukihitaji kontena la chini kabisa, ni lazima kwanza uyahamishe yote yaliyo juu yake. Kwa hiyo mpangaji hodari ni yule anayejua mapema lori lipi litafika lini.

Ya tatu ni ile inayopita huku imelikumbatia kontena kati ya miguu yake, ikalibeba kutoka hapa hadi pale bila kuhitaji lori.

Ya nne, ambayo kwa sisi wa bara ndiyo muhimu zaidi, ni richistaka. Hii ni gari lenye mkono mmoja mnene unaoinuka na kurefuka kwa nguvu ya haidroliki, na mbele ya mkono ipo fremu ya kushikia. Kwa kuwa mkono hurefuka, mashine hii inaweza kulifikia kontena la safu ya pili bila kuligusa la safu ya kwanza. Ndiyo inayoonekana katika bandari kavu, na popote ambapo makontena si mengi kiasi cha kustahili kreni ya lango.

Kazi ya richistaka hueleweka vizuri kwa kutumia maneno ambayo shule za msingi za Tanzania zimeyafundisha kwa miaka mingi: wenzo, egemeo na mzigo. Mashine yenyewe ina uzito wa tani 70 hivi. Matairi ya mbele ni egemeo. Kontena liko upande mmoja, na uzito wa mashine uko upande mwingine. Tukichukua kontena la tani 30 lililo umbali wa mita 2 kutoka kwenye egemeo, nguvu yake ya kupindua ni 30 mara 2, yaani 60. Kontena hilo hilo likisogezwa mbele hadi mita 4, nguvu hiyo huwa 120. Mzigo haukuongezeka hata kilo moja, lakini hatari imekuwa maradufu. Kwa sababu hiyo mashine ambayo katika safu ya kwanza huruhusiwa kuinua tani 45, katika safu ya pili huruhusiwa kama theluthi mbili tu ya kiasi hicho, na katika safu ya tatu hupungua tena.

Hapo tunapata pia jibu la swali ambalo wanafunzi huuliza mara kwa mara: kwa nini mfanyabiashara wa Bunia asinunue tu mashine kama hiyo? Richistaka ikiwa imebeba kontena lililojaa, sehemu kubwa ya uzito hulalia ekseli ya mbele, na uzito huo ni makumi ya tani. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki lori zima pamoja na mzigo wake haliruhusiwi kupita tani 56, na uzito huo hugawanywa kwa ekseli nyingi. Uwanja wa udongo mwekundu, hasa wakati wa masika, hauwezi kustahimili ekseli moja yenye uzito kama huo. Kwa hiyo kabla ya mashine hutangulia sakafu, na mara nyingi sakafu ndiyo iliyo ghali.

4. Kutoka Kilindini hadi Bunia

Bandari ya taifa letu iliyo magharibi, Matadi, iko mbali mno na Ituri, na maporomoko ya mto Kongo yaliyo juu yake huzuia meli kupanda. Tangu zama za ukoloni Bunia imetazama mashariki. Wakati huo mzigo ulisafiri kwa reli na kwa meli za maziwa, ukifika Butiaba upande wa Uganda, kisha ukavuka Ziwa Albert hadi Kasenyi au Mahagi-Port. Kila palipobadilika chombo, mzigo ulishushwa na kupakiwa upya kwa mikono. Bandari ya Butiaba iliharibiwa na mafuriko mwanzoni mwa miaka ya 1960, na njia hiyo ikafa.

Leo lori likitoka Mombasa hupita Nairobi, Malaba na Kampala, huvuka Nile huko Karuma na tena Pakwach, hupita mpaka wa Goli na kuingia Mahagi, kisha hushika Barabara ya Taifa namba 27 hadi Bunia. Mengine huingilia Kasindi na kupitia Beni na Komanda. Safari yote hupita kilomita 1,500, na usalama wa sehemu yake ya mwisho umevurugika mara nyingi tangu vita vya Ituri vilipoanza mwaka 1999. Katika safari hiyo yote kontena halifunguliwi ila kwa ukaguzi. Ndiyo faida yake kubwa.

Lakini faida hiyo hukoma mlangoni pa ghala. Pale pasipo na mashine ya kuliteremsha, kontena hubaki juu ya trela, lori hurudi kinyumenyume hadi mlangoni, na wabebaji huingia ndani na kutoa gunia baada ya gunia. Kontena tupu hurudishwa pwani, kwa maana si mali ya mwenye bidhaa bali ya kampuni ya meli, na kila siku ya kuchelewa inaweza kulipiwa. Hivyo katika mwisho wa safari tunamkuta tena yule Mnyamwezi wa methali.

Yako makontena yasiyorudi. Hayo hununuliwa yakiwa yamechakaa, yakawa duka, ghala au ofisi. Kuyateremsha bila kreni hufanywa kwa mbinu inayojulikana katika miji mingi: kontena hufungwa kwa mnyororo kwenye mti au nguzo imara, kisha lori huondoka taratibu na kuliacha litelemke nyuma. Mbinu hiyo ni rahisi, na ni ya hatari. Mnyororo unaokatika hurudi kwa nguvu isiyoweza kukwepwa, na upande mmoja wa kontena ukigusa chini kabla ya mwingine, vilivyomo ndani vyote huteleza.

Mashine inayofaa zaidi mji kama wetu ni lori lenye mikono ya ubavuni. Huwa na kreni mbili ndogo, moja mbele na moja nyuma ya trela, nazo huliinua kontena na kulilaza chini kando ya gari. Miguu ya kuegemea hutolewa kwanza upande huo ili gari lisipinduke. Hiyo pia hutaka ardhi ngumu, lakini mbao nene chini ya miguu huweza kusaidia.

Tahadhari mbili hufaa kutajwa hapa kwa sababu zinahusu kila mashine. Ya kwanza ni makomeo ya trela: likisahauliwa hata moja bila kufunguliwa, kontena litainuka pamoja na lori. Ya pili ni uzito wa kweli. Tangu tarehe 1 Julai 2016 sheria za kimataifa za usalama baharini hudai kwamba uzito wa kila kontena lililojaa uthibitishwe kabla halijapakiwa melini, kwa sababu hesabu ya wenzo tuliyoionyesha juu haina maana ikiwa tani zilizoandikwa katika hati si za kweli.

5. Majina

Tukiyatazama majina ya vitu hivi tunaona njia tatu ambazo Kiswahili kimepita.

Njia ya kwanza ni kupanua maana ya neno la zamani. Kasha, ambalo lilikuwa sanduku la kuwekea nguo na mali, limekuwa pia kontena, na wapo waandishi wanaolipendelea. Shehena ni neno la kale la mzigo wa chombo. Kapi ni gurudumu la kupitishia kamba, na wanamaji wa majahazi walikuwa na gofia iliyopitisha henza ya kupandishia tanga. Fundi wa kreni anayelainisha kapi zake anafanya kazi ambayo nahodha wa jahazi angeitambua mara moja.

Njia ya pili ni kukopa. Pwani hukopa kutoka Kiingereza: kontena, kreni, winchi, trela. Kwetu Kongo hukopa kutoka Kifaransa, na matokeo yake ni kwamba msomi wa Bunia husema kontenere pale ambapo dereva wa Mombasa husema kontena. Maneno haya mawili yana asili moja, na hakuna atakayepotea. Lakini kreni na grue hayafanani hata kidogo kwa sauti. Jambo la kushangaza ni kwamba kwa maana yanafanana kabisa: katika Kiingereza, katika Kifaransa, na katika lugha nyingine kadhaa za Ulaya, jina la mashine ni jina la ndege mwenye shingo ndefu, yule tunayemwita korongo. Kiswahili kingeweza kufanya vivyo hivyo na kuiita mashine hiyo korongo; hakikufanya, kwa sababu neno lilifika likiwa tayari limefungwa pamoja na chuma.

Njia ya tatu ni jina la kampuni kugeuka jina la kitu. Katapila ni mfano unaojulikana kote. Katika Kifaransa cha Wabelgiji, gari la kuinulia mizigo kwa uma mbili huitwa clark, kwa jina la kampuni ya Kimarekani, na matumizi hayo yamefika hata Kongo. Mgeni kutoka Dar es Salaam, ambako gari hilo huitwa foklifti, hawezi kukisia.

6. Amri

Kama jambo lingekuwa ni majina tu, tungeliachia mabaraza ya lugha. Lakini karibu na mashine watu hawataji majina sana, hutoa amri. Na hapo ndipo penye hatari.

Chukua neno tosha. Kwa mtu wa pwani, “inatosha!” au kwa mkato “tosha!” ni kusema: basi, imefika kiasi, acha. Kwa mtu wa Bunia, kutosha ni kukifanya kitu kitoke, yaani kukiondoa, “tosha!” ni amri ya kuondoa. Kwa kiasi kuwa cha kutosha, yeye husema “inaenea”, neno ambalo kwa mtu wa pwani lingemaanisha kwamba kitu kinasambaa. Sasa tufikirie dereva wa Mombasa akiongoza kontena linaloshushwa katika ua wa Bunia, na mwendeshaji akiwa mtu wa hapa. Mmoja anapaza sauti “tosha!” akitaka mashine isimame. Mwingine anasikia: ondoa. Kila mmoja amesema Kiswahili, na hakuna aliyekosea.

Tunasisitiza kwamba hakuna aliyekosea. Wapo wanaodhani kutosha kwa maana ya kuondoa ni kuharibu lugha. Kinyume chake, ni umbo lililojengwa kwa kanuni ile ile iliyotoa shusha kutoka shuka, washa kutoka waka, na angusha kutoka anguka. Kutoka toka, kanuni hiyo hutoa tosha. Pwani imejaza nafasi hiyo kwa kitenzi toa, na umbo tosha likabaki na maana nyingine. Kiswahili cha Kongo kimefuata kanuni hadi mwisho.

Pana tatizo jingine, la sauti. Tosha na shusha yote ni maneno ya silabi mbili yanayoishia na -sha. Katika ukimya wa darasa hayachanganyiki. Katika ngurumo ya injini ya dizeli, sikio hushika vokali na silabi ya mwisho, na vokali o na u ziko jirani. Mtu aliyetaka kusema “acha” anaweza kusikiwa akisema “teremsha”. Vilevile pandisha na teremsha, ambazo ni amri za kinyume, zina mwisho mmoja. Inua na shusha ni bora zaidi, kwa kuwa hazishiriki silabi yoyote.

Kwa upande wa mwelekeo, pwani husema kulia na kushoto. Kwetu wengi husema kuume na kushoto, na kulia husikika kwanza kama kutoa machozi. Tena, kulia na kushoto kwa nani? Mwendeshaji na mwongozaji hutazamana, hivyo kuume kwa huyu ni kushoto kwa yule.

Wengine watasema ishara za mikono zinatosha. Ishara ni msaada mkubwa, lakini nazo zina lahaja zake. Katika desturi ya Marekani, kusimamisha ni kunyoosha mkono mmoja kiganja kikitazama chini na kuupeleka huku na huku. Katika kanuni za Ulaya, ni kuinua mkono wa kuume juu, kiganja kikitazama mbele. Timu iliyochanganyika hulazimika kukubaliana kabla ya kuanza.

7. Hitimisho

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka mmoja kabla ya hapo wakuu wa nchi za Jumuiya walikuwa wamekubali Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi zake. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Maamuzi hayo ni mema, lakini usanifishaji wa istilahi, ambao BAKITA imeushughulikia nchini Tanzania tangu 1967, umeelekea zaidi kwenye majina ya vitu. Tunapendekeza amri za kazi nazo zichunguzwe, na kwamba kigezo kisiwe tu lahaja ipi ni sanifu, bali ni neno lipi haliwezi kueleweka vibaya upande wowote.

Kwa kuanzia, tunaona maneno manne yanaweza kuaminiwa kutoka Kilindini hadi Bunia: inua, shusha, simama, fungua. Neno tosha liachwe kabisa karibu na mashine. Mwelekeo utajwe kwa kitu kinachoonekana na wote wawili, kama vile “upande wa ukuta” au “upande wa barabara”. Wanafunzi wetu wanaotafuta mada za utafiti hawana haja ya kwenda mbali: waende kwenye maghala ya mji, wasimame mahali salama, wasikilize nini hasa watu hupaza pale mzigo unapoinuka, na waandike.